Anayetaka kujiunga na jimu anatafuta nini kwenye tovuti yako?

Kabla sijakabidhiwa tovuti ya jimu nilikuwa mapokezi, na mengi ninayoyajua kuhusu tovuti hizi niliyapata kwenye simu ya pale mezani. Wanaotaka kujiunga huuliza yaleyale. Ni kiasi gani kwa mwezi? Mnafungua saa ngapi? Bafu lipo? Sijawahi kufanya mazoezi, nitaweza kweli? Halafu kuna swali ambalo wengi hulizungukazunguka kabla ya kulitoa: wanaokuja hapo ni watu wa namna gani, na mimi na mwili wangu huu sitachekwa?

Sasa fungua tovuti ya jimu yako kwenye simu, uisome kama vile wewe ndiye unayeuliza hayo. Mara nyingi kinachokupokea ni picha ya kijana aliyejazia kifua, maneno makubwa ya kubadilisha maisha, kisha orodha ndefu ya mashine. Mgeni hazijui hizo mashine hata kwa majina. Anataka kujua kama pale kuna nafasi yake.

Nianze na bei, maana hapo ndipo ninapobishana sana na wenye jimu. Wengi huificha. Wanasema mteja aje kwanza, aone ukumbi, tuzungumze. Naelewa wanaogopa washindani, lakini washindani wakitaka bei yako wataipata kwa kupiga simu tu. Anayeumia ni mgeni: asipoona bei anahisi ni kubwa kuliko uwezo wake, anaona aibu kuuliza, anahamia tovuti nyingine. Andika ada ya mwezi, ya siku moja kama unayo, na ya kujiandikisha kama unaitoza. Andika pia jinsi ya kusitisha uanachama: atoe taarifa mapema kiasi gani, na amwambie nani. Wenye jimu hudhani kutaja kuondoka ni kumfukuza mtu kabla hajaingia. Mimi nimeona kinyume chake. Anayejua njia ya kutokea haogopi kuweka sahihi.

Ukurasa ninaouthamini kuliko yote ni ule unaoeleza siku ya kwanza. Hauhitaji ufundi, unahitaji mtu wa mapokezi akae aandike anavyowaambia watu kila siku. Kwa mfano: "Ukifika, mapokezi ni mkono wa kushoto. Njoo na raba, taulo na chupa ya maji. Kocha atakuuliza kama una maumivu au ugonjwa wowote, kisha atakutembeza ukumbini na kukuonyesha mazoezi machache mepesi. Hatutakupima uzito usipotaka. Ukihitaji kupumzika, pumzika." Sentensi hiyo ya uzito usiiache. Wapo watu waliokwepa jimu miaka mingi kwa hofu ya kusimamishwa kwenye mzani mbele ya wengine.

Hapohapo unaweza kumsaidia asiyejua aanzie wapi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate kati ya dakika 150 na 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Mwonyeshe kwa ratiba yako mwenyewe: vipindi vitatu vya dakika 50 vinafikisha 150, na siku mbili nyingine anaweza kunyanyua vyuma na kocha. Ratiba inaacha kuwa jedwali tupu, inakuwa mpango anaoweza kuuanza Jumatatu.

Picha za kununua mtandaoni ziondoe. Piga za ukumbi wako, za wanachama wako wenye umri na miili tofauti, kwa ridhaa yao ya maandishi. Vyumba vya kubadilishia nguo vipige vikiwa vitupu, maana watu huulizia usafi wake kuliko unavyodhani. Kisha zipunguze ukubwa kabla ya kuzipandisha. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ni nzito, na Google hutaka sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5. Kifaa chao cha PageSpeed Insights kitakupimia bure.

Ratiba nayo iandike kwa maandishi, usiibandike kama picha. Kwenye simu picha ya ratiba haisomeki mpaka uikuze, na programu zinazowasomea wasioona haziwezi kuipitia vizuri. Saa za kufungua zilizo kwenye tovuti zilingane na zile za kwenye Google, hasa sikukuu. Mtu akifika akakuta mlango umefungwa hatarudi, na ana haki.

Fomu ya kujiunga iwe fupi. Jina na namba ya simu vinatosha. Nimeona fomu zinazouliza uzito, urefu na lengo la miezi sita, mambo ambayo kocha atayauliza vizuri zaidi wakiwa uso kwa uso. Weka na kitufe cha WhatsApp, lakini kiwe na mtu anayejibu. Ujumbe wa usiku ukijibiwa asubuhi na mapema bado unamkuta mtu ana hamu.

Mengine yatakuja kutoka kwa wanachama wapya wenyewe. Kila anayejiandikisha, mapokezi wamuulize jambo moja: ni nini kilitaka kukuzuia usije? Majibu yaandikwe kwenye daftari. Hofu inayojirudia, jibu lake liweke ukurasa wa mwanzo, juu kabisa, mtu alione kabla hajaanza kushusha.