Macho mazima, lakini haoni

SWALI: Shikamoo daktari. Binti ya dada yangu, miaka 15, hapa Langoni, Lamu, ana siku nne anasema haoni kabisa. Usiku wa kuamkia siku hiyo palikuwa na ugomvi mkubwa nyumbani. Kliniki wamesema macho ni mazima. Kuna wanaosema ana jini, wengine eti anajifanya. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, mama. Hilo la kliniki ni nusu ya jibu. Jicho hupokea tu, mshipa wa fahamu hubeba, na kinachoona ni ubongo, upande wa kisogoni. Mtoto wa jicho au kovu kwenye konea, kile kioo cha mbele ya jicho, huonekana kwa tochi, lakini hitilafu ya nyuma zaidi yaweza kujificha.

Anzeni na mboni, na iwe kabla ya kutiwa dawa ya kuzipanua, maana ile huzigandisha kwa saa kadhaa. Chumba kiwe na giza. Mulika jicho moja sekunde 3, hamishia tochi jicho la pili upesi, kisha rudi. Mboni zibaki ndogo. Moja ikipanuka mwanga unapoifikia, mshipa wa jicho hilo una kasoro. Zote zisiposinyaa, ni dharura.

Zikisinyaa vizuri, bado msiseme ni mawazo. Kiharusi, kuumia kichwa au malaria iliyopanda kichwani vyaweza kupofusha ubongo huku mboni zikifanya kazi. Wapo hata waliopofuka hivyo wakashikilia kwamba wanaona! Hapo leteni kioo kikubwa, mkiinamishe polepole kushoto na kulia mbele ya uso wake. Macho yakiifuata sura yake, picha inafika ubongoni. Kikoi chenye mistari mipana kikipitishwa kwa upande nacho huyarusharusha macho yanayoona, bila ya mwenyewe kutaka. Kisha akutanishe ncha za vidole vya shahada. Aliyepofuka macho hufanya bila taabu, kwani viungo humwambia mkono uko wapi. Mwenye upofu wa kiakili, yaani ule unaoletwa na msongo wa mawazo huku macho na ubongo vikiwa vizima, mara nyingi hukosa.

Kukosa huko si uongo. Hajachagua kutoona. Msimtishe kwa ngumi kumpima, wala msimwite mwongo, maana atazidi kung'ang'ania. Vipimo hivyo vikionyesha kwamba picha inafika, mwambieni macho na mishipa ni salama na kuona kutarudi. Avue miwani ya giza, apewe vijikazi, arudi shule mapema, na azungumze na mshauri nasaha faraghani, bila ya jamaa yeyote. Ugomvi ule huenda una jambo ambalo hajalisema. Kombe, yaani maji yaliyooshewa aya za Kurani, akinywa halitamdhuru. Msimfukize moshi wala kumtia chochote machoni.

Akiumwa kichwa, akitapika, akipata homa, akiumia anapozungusha macho, au kuona kukirudi akute kizibo chekundu cha soda kimefifia kwa jicho moja, msingoje: vukeni bara kupitia gati ya Mokowe siku hiyohiyo mkatafute daktari bingwa wa macho. Hata asipokuwa na dalili hizo, apimwe tena baada ya wiki 2, safari hii watazame retina, yaani pazia la nyuma ya jicho, kwa mboni iliyopanuliwa.