Re: MP (polisi wa jeshi) wa Army Reserve (jeshi la akiba) Marekani ni kazi ya wikiendi tu?
Mdogo wangu, umeuliza kama ukiwa MP kwenye Army Reserve ni wikiendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka basi. Kwenye makaratasi ndio, ukishamaliza kozi kambi ya Fort Leonard Wood, Missouri, ila wakikuita vitani unaenda. Angalia kampani ya MP ya 372 ya Maryland, watu wana kazi zao nyumbani, 2003 wakajikuta Iraki wanalinda wafungwa gereza la Abu Ghraib, kazi ambayo hawakufundishwa, na baadhi yao wakawatesa wale watu, inauma sana. Aliyewaripoti ni mwenzao Joseph Darby, Januari 2004 akapeleka picha kwa wapelelezi wa jeshi. Mi namheshimu mno. Kabla hujasaini uliza kitengo ni cha doria au cha kulinda wafungwa, maana mafunzo yake hayafanani kabisa.