Jibu: Mtazame Rebecca Belmore

Ndugu, umeuliza kama yupo msanii mwanamke wa jamii asilia anayegusa mababu, uponyaji na upinzani kwa pamoja. Mtazame Rebecca Belmore, wa jamii asilia ya Waanishinaabe nchini Kanada, aliyezaliwa mwaka 1960 huko Upsala, Ontario.

Anza na picha yake ya mwaka 2007 iitwayo Fringe. Mwanamke amelala ubavu, ametugeuzia mgongo. Jeraha refu limeukata mshazari, toka begani kushuka kiunoni. Ukiwa mbali utasema damu inachuruzika. Sogea karibu: ni nyuzi za shanga ndogo nyekundu, zinaning'inia kwenye mshono. Hapo ndipo mimi moyo ulinishuka. Kutunga shanga ni kazi ya mikono ya bibi zake, na sasa ndiyo iko pale kwenye kidonda, wazi, bila kufichwa.

Upinzani je? Baada ya mgogoro wa 1990 wa ardhi ya jamii asilia huko Oka, Quebec, alitengeneza kipaza sauti kikubwa cha mbao, akakizungusha kwa jamii asilia mbalimbali ili watu waseme na ardhi, mama yao. Na mwaka 2002, katika onyesho la sanaa kwenye kona ya mtaa wa Vancouver ambako wanawake walikuwa wakipotea, aliandika majina yao mikononi, akayaita kwa sauti, na kwa kila jina akapitisha waridi lenye miiba katikati ya meno. Kisha akapigilia gauni lake jekundu kwa misumari kwenye nguzo, akajinasua kwa nguvu mpaka likachanika.

Itafute video ya onyesho hilo, ila uitazame ukiwa umetulia.