Mbwa mzee si sofa kuukuu: maswali yenu na majibu yangu

Wiki mbili zilizopita nilisema ukichukua mbwa mkubwa aliyezeeka na kutupwa, umemchukua mpaka siku utakapomfukia, na kama huwezi hiyo basi mwache apite, usimwonjeshe nyumba. Simu haijanyamaza tangu siku hiyo. Wengine mmeniambia nimekosa kazi (ni sawa), lakini wengine mmeuliza vitu vya maana na hao ndio najibu leo. Kwa wageni: hapa kwangu Lanet niko na wazee wanne. Jeshi ni rotwaila aliyelinda godauni mpaka miguu ikagoma, Shosho ni jamani shepadi aliyezalishwa kila mwaka alafu akaachwa kando ya barabara siku tumbo ilikataa kushika, na Kamanda na Bosi ni machotara wakubwa, kila mtu huja na nadharia yake kuhusu baba yao.

Jirani alihama akaacha jamani shepadi kwa geti. Soja wa ploti anasema ako na miaka mitano, mimi naona ni mzee. Nitajuaje, na amebakisha miaka mingapi? — Kiamunyi

Kwanza usianze kwa kumfungua mdomo. Watu husoma kwamba umri uko kwa meno, wanaenda kumshika mbwa wasiyemjua siku ya kwanza, alafu wanapiga foleni hospitali. Angalia ukiwa mbali. Mvi kwa mdomo na juu ya macho, mgongo umeanza kuzama, misuli ya mapaja ya nyuma imepungua, akiamka anaanza na miguu ya mbele kama mtu anayetoka kwa matatu ya viti vya nyuma. Macho yakiwa na kaukungu ka bluu mara nyingi ni uzee tu na bado anaona, hiyo huanza karibu miaka saba kwenda juu. Meno yanadanganya sana, mbwa aliyefungwa mnyororo na akautafuna miaka mitatu atakuwa na meno ya babu hata kama ni kijana.

Sasa hesabu. Mbwa akiwa mkubwa kwa mwili anazeeka haraka, hiyo ndio watu hawajui. Kale kadogo ka kubebwa kwa kikapu kanaweza kufika miaka 14 au 15, lakini shepadi wengi wanaenda kati ya 9 na 13, rotwaila 9 au 10 hivi, gireti deni 7 mpaka 10. Kwa hivyo akiwa wa miaka sita au saba tayari ameshaingia uzeeni. Tuseme wako ni wa minane. Kama mtoto wako ako gredi ya sita, huyu mbwa anaweza kuwa bado anakoroma kwa veranda yako huyo mtoto akimaliza gredi ya tisa. Hiyo picha ikikutisha, bora ikutishe leo.

Na mpigie huyo jirani simu. Si ya kumtukana, ya kumuuliza mbwa anaitwa nani, alichanjwa lini na aliwahi kuuma nani. Ukitaka umkumbushe pia kwamba kumtelekeza mnyama ateseke ni kosa chini ya sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, sura ya 360. Mimi hufanya hivyo, wengi hukata simu, lakini jina la mbwa huwa wameshalitaja.

Niko na nafasi na moyo ninao ila naogopa chakula. Mbwa wa kilo 40 atanimaliza? — Mamboleo, Kisumu

Dada, mbwa mzee wa kilo 40 ambaye hakimbii sana anahitaji chakula kavu cha dukani kama gramu 450 kwa siku, kumaanisha kilo 13 au 14 kwa mwezi. Chukua hiyo namba, nenda nayo duka la dawa za mifugo ulipo, zidisha na bei yao. Sasa uone kama unaweza mwezi wa Disemba na mwezi wa Januari. Januari ndio mtihani.

Ukitaka kupika, wewe uko Kisumu, omena mnayo. Chagua mchanga, osha chumvi itoke, chemsha, changanya na ugali laini, matumbo kidogo, karoti au boga. Ugali mtupu si chakula cha mbwa mzee, misuli inaisha na miguu ndio inaanguka kwanza. Vitunguu usiweke kabisa, vitunguu vinaharibu damu ya mbwa, na hapo ndipo mabaki ya mchuzi wetu yanaleta shida manake sisi hatujui kupika bila kitunguu. Mifupa iliyopikwa pia hapana, inavunjika vipande vyenye ncha.

Alafu kuna hii tabia ya Kenya nzima, ya unga ulioingia ukungu kuitwa "wa mbwa". Tafadhali. Hiyo sumu ya ukungu, aflatoksini, ndiyo iliua watu 125 Ukambani mwaka 2004, na mbwa ini lake haliihimili hata kidogo. Anaanza kukataa chakula, anatapika, macho yanageuka manjano, mnasema ni uzee. Mahindi yakioza yametoka kwa chakula cha kila mtu, hata Bosi wangu ambaye hula soksi.

Rotwaila yetu ya miaka tisa alikula jioni vizuri, usiku akaanza kuzunguka zunguka, anataka kutapika lakini hakuna kitu inatoka, tumbo ikafura kama ngoma, asubuhi alikuwa amekufa. Mzee wangu anasema jirani alimpa sumu na sasa hatusalimiani. — Shinyalu

Pole sana mama. Sikuona huyo mbwa, lakini hivyo venye umeeleza, kutaka kutapika na hakuna kitu inatoka pamoja na tumbo kufura ghafla, ni picha ya tumbo kujaa hewa na kujipinda. Ni ugonjwa wa mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, na hatari inaongezeka akizeeka. Tumbo likishajipinda hewa haiwezi kutoka juu wala chini, damu inakwama, na mbwa anaisha kwa masaa machache. Maziwa hayasaidii, mafuta ya kupika hayasaidii, ni daktari wa mifugo usiku huo huo na mara nyingi ni upasuaji.

Sumu nyingi ambazo watu hutegea mbwa huja kivingine: kutetemeka, degedege, mate mengi, kuhara. Mwambie mzee aende kwa jirani, hata kama ni kwa kupitia kuomba jembe.

Kwa wengine mnaosoma: punguzeni hatari. Usimpe mbwa mkubwa karai moja ya chakula mara moja kwa siku, gawanya mara mbili au tatu. Anayekula kama anakimbiza gari mtandazie kwa sinia pana na uweke jiwe kubwa safi katikati, kubwa kiasi hawezi kulimeza, azunguke nalo. Akimaliza apumzike, hakuna mbio. Na namba ya daktari anayechukua simu usiku iwe kwa ukuta, si kwa simu ya baba ambaye huzima saa tatu.

Asubuhi za baridi haamki. Agroveti hakuna karibu kwa hivyo nampa diklofenaki yangu ya mgongo, nusu. Ni sawa? — Molo

Acha leo. Si kesho. Diklofenaki, ibuprofeni na paracetamol yako zinaweza kumtoboa tumbo, kuua figo au ini, na mbwa hasemi kama tumbo linaungua, anakula kidogo kidogo mpaka siku kinyesi kinatoka cheusi kama lami. Hata nusu. Dawa za maumivu za mbwa zipo, kama meloksikamu, lakini zinapimwa kwa kilo na daktari ambaye amemwangalia, na hazichanganywi na hizo zako.

Lakini kusema ukweli kwa baridi ya Molo, kazi kubwa iko kwa kitanda. Mbwa mzito akilala kwa simiti viungo vinakauka na viwiko vinatoka vidonda. Mimi nilitumia paleti mbili, juu nikaweka godoro lililochoka la watoto, nikalifunga na nailoni manake Shosho siku hizi hukojoa akiota, alafu magunia juu ya nailoni, magunia ndio nafua. Jua likitoka nawatoa wote nje waote kama wazee wa baraza. Kucha wakate, zikirefuka anakanyaga vibaya. Kama nyumba iko na tailsi weka vipande vya kapeti kwa njia anayopita. Na apungue kilo, hii watu hawapendi kusikia, wanaona mbwa mnene ni mbwa anayependwa. Matembezi mafupi mara mbili kwa siku ni bora kuliko kumburuta hadi Elburgon Jumapili.

Nimepanga bedsita Pipeline lakini nampenda huyo mbwa wa kwa picha yako. Nikihama itakuwaje? — Nakuru

Umejijibu. Huyo aliyeko kwa picha alitupwa kwa sababu ya neno hilo hilo, "tulihama". Njoo Jumamosi umsugue masikio na utuletee magunia, hiyo pia ni kumtunza.

Watoto wangu ni wadogo, wa miaka 4 na 7. Mbwa mzee aliyekuwa wa kulinda si atawauma? — Ahero

Anaweza. Mbwa yeyote anaweza, na mzee ambaye haoni vizuri na ako na maumivu ya nyonga ndiye hushtuka zaidi akikanyagwa amelala. Kwa hivyo sheria ni za watoto kwanza, si za mbwa: hawamgusi akila, hawamgusi akilala, hawampandi, na huyo wa miaka minne habaki naye peke yake hata dakika ya kwenda kuzima jiko.

Watu wa mbwa wako na hesabu moja ya kukadiria, siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu. Siku tatu za kwanza ataogopa au atalala tu, wiki tatu anaanza kujua chakula kinakuja saa ngapi, miezi mitatu ndio unaona tabia yake ya kweli. Jeshi alichukua karibu mwaka. Miezi yote hiyo alikuwa anakaa karibu na geti akiangalia barabara, chakula anakula tukigeuka, alafu asubuhi moja nikasikia kitu kizito kimeegemea mguu wangu nikiosha vyombo. Sikusonga mpaka maji yakapoa.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka na haina mjadala, mzee naye anachanjwa. Kenya ilijiwekea kumaliza vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo 2030, kwa hivyo kuweni macho karibu na Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani, sehemu nyingi huwa na chanjo za bure. Mtoto akiumwa, osha kidonda na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, alafu hospitali siku hiyo hiyo. Si mafuta ya taa, si pilipili. Dalili zikianza kwa mtu imekwisha.

Mimi ni mwalimu mstaafu, miaka 71. Vijana wangu wanasema mbwa atanizika. — Bahati

Mwalimu, shikamoo. Nyinyi ndio mnafaa kuliko hao vijana. Kijana wa miaka 25 atapata kazi Mombasa, ataoa, atahama mara nne. Wewe uko nyumbani, unaamka mapema, unatembea polepole, na mbwa wa miaka minane anataka hivyo tu. Ila mbwa wa kilo 45 akivuta atakuangusha na nyonga ya miaka 71 haichezewi, kwa hivyo chagua mtulivu, umvalishe hanesi ya kifua, na usimwinue peke yako.

Na wakalishe hao vijana uandike kwa daftari: wewe ukilazwa au ukitangulia, fulani ndiye anamchukua, na pesa ya chakula iko mahali fulani. Atakayekataa akatae sai mkiwa mnakunywa chai.

Nitajuaje siku imefika? Mchungaji anasema ni dhambi kumdunga sindano ya mwisho. — Bungoma

Na mchungaji sibishani, nitakuambia tu venye mimi hufanya. Huwa naandika vitu vitatu ambavyo huyo mbwa anapenda. Kwa Shosho ni kulala kwa jua, mfupa mbichi wa goti, na kubweka boda ya maziwa saa kumi na mbili. Viwili vikiisha naita daktari tuongee. Haamki hata kwenda haja, hali, anahema akiwa amelala, usiku analia, na dawa zimefika mwisho: hapo sasa nikisema tungoje, nangoja kwa ajili yangu.

Daktari mzuri kwanza humlaza usingizi alafu ndio sindano yenyewe. Kaa na yeye. Mtu aliyelishwa na wewe miaka mitatu usimwachie mgeni mwenye gumbuti dakika hiyo.

Kumzika, chimba kina, mita moja na nusu ukiweza, mbali na kisima. Hiyo dawa hubaki kwa mwili na inaua mbwa au ndege atakayefukua, kwa hivyo si kwa shimo la taka na si kwa mto. Chimba kabla daktari hajafika. Mimi mara ya kwanza sikuchimba, nikabaki na jembe saa mbili usiku kwa mvua, na Jeshi amekaa kando ya shimo hataki kuingia ndani mpaka nimalize.