Coccinelle ya 1954 inauzwa: nikague nini?

SWALI: Fundi, hapa Lubumbashi kuna mzee anauza Volkswagen Coccinelle. Anasema ni ya 1954 na haijaguswa kitu. Kioo cha nyuma ni kile kidogo chenye umbo la yai, rangi inang'aa. Nitajuaje kama anasema kweli?

JIBU: Kioo cha yai kilianza Machi 1953 kikaisha katikati ya 1957, kwa hiyo chenyewe hakikupi mwaka. Inua kiti cha nyuma. Namba ya shasi imegongwa kwenye mgongo wa katikati ya sakafu. Coccinelle ya milioni moja ilitoka kiwanda cha Wolfsburg, Ujerumani, tarehe 5 Agosti 1955, basi ya 1954 haiwezi kuwa na namba iliyopita milioni. Linganisha namba hiyo na kibati cha mbele chini ya boneti, halafu na karte roze (hati ya usajili wa gari). Ukikuta imekwaruzwa au kuchomelewa, ondoka.

Moteri ya mwaka huo ni ya sisi (cc) 1192, nguvu farasi 30. Nyingi zilibadilishwa kwa ile ya farasi 34, maana inaingia palepale. Angalia kiti cha dinamo: kwenye ya zamani ni chuma kimoja na kizimba cha moteri, kwenye ile ya baadaye kimefungwa kwa nati. Gia ya kwanza haina sinkroni, yaani kifaa cha kulainisha uingizaji wa gia. Ikiingia kimya gari likiwa linatembea, giaboksi si yake. Umeme ni volti 6.

Moteri ikiwa imezimwa, shika puli ya chini, ivute na kuisukuma. Mchezo (kule kusogea mbele na nyuma) unaoruhusiwa ni milimita 0.07 hadi 0.13. Ukisikia "tok", utafungua moteri yote.

Hata hivyo moteri hutengenezeka. Bodi ndiyo inayomaliza pesa, na rangi inayong'aa mno ndiyo ya kutiliwa shaka. Funga sumaku kwa kitambaa, ipitishe chini ya milango: isiposhika, hapo ni mastiki, ile lami ya kuziba bati. Udongo mwekundu wa huku hujazana nyuma ya madigadi, ukashika maji msimu mzima wa mvua, na mifereji ya joto (inayopitisha hewa ya moto ya moteri) iliyo chini ya milango ikaoza. Weka jeki mahali pake pa kiwandani, inua, kisha fungua na ufunge mlango. Ukikwama, mifereji imekwisha. Chokoa pia kwa bisibisi chini ya batri, upande wa kulia wa kiti cha nyuma. Asidi hutoboa bati pale.

Sakafu iliyotoboka si kesi kubwa. Kwa mifereji, chomelea kwanza vyuma vya kushikilia matundu ya milango, ndipo ukate. Bila hivyo bodi inajikunja na milango haifungi tena.