Friji la mtumba lililonuka naftalini

Maziwa ndiyo yaliyonishtua. Mwanangu alipiga funda moja, akarudisha kikombe mezani: "Mama, maziwa yananuka kama kabati la bibi." Nikaonja. Kweli, ilikuwa ladha ya naftalini, vile vidonge vyeupe tunavyoweka kwenye nguo kufukuza wadudu.

Friji lilikuwa na siku nne tu nyumbani. Nililinunua la mtumba hapa Dar es Salaam, na muuzaji alikuwa ametupia naftalini ndani ili mende wasilifanye makazi stoo. Harufu niliisikia palepale dukani, nikaambiwa ukiliosha itaisha. Nikaliosha kwa sabuni, nikarudia kwa siki, nikasugua na ndimu. Nikaweka na kisahani cha kahawa ya unga. Likiwaka, harufu inatulia, nami naona nimemaliza kazi. Umeme ukikatika kwa muda wa saa tatu au nne, nikifungua mlango inanipiga usoni kama siku ya kwanza.

Naftalini na maji havielewani, karibu haiyeyuki humo kabisa. Kidonge hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa kimiminika kwanza, ndiyo maana kabatini hupungua mpaka kikaisha na nguo zisilowane. Mvuke huo hupenya kwenye plastiki ya ndani ya friji na kwenye raba ya mlango, ukakaa humo. Ubaridi unautuliza, joto linautoa. Basi usipime harufu friji likiwa linagandisha. Lizime, lifunge usiku kucha, kisha fungua asubuhi unuse. Na vyakula vyenye mafuta ndivyo vinavyounyonya haraka: maziwa, siagi, tui la nazi. Maji ya kunywa yanaweza yasikuambie kitu.

Tena hapa si ladha peke yake. Naftalini ni sumu, na mtu aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD inaweza kumvunjia chembe nyekundu za damu. Upungufu huo ni wa kawaida katika maeneo yenye malaria, Pwani yetu ikiwemo, na wengi wanao bila kujijua. Nilimwaga maziwa, nikatupa siagi na tui lote. Pesa iliniuma, lakini chakula kilichoshika harufu hii usikionee huruma.

Aliyeniokoa ni fundi friji wa mtaani kwetu. Aliinama nyuma ya friji, akauliza, "Dada, hii trei umewahi kuiosha?" Sikujua hata kama ipo. Ni kitrei cha plastiki juu ya kompresa, maji ya barafu inayoyeyuka hushukia humo kwa kitundu kilicho ndani ya friji. Akakichomoa. Kwenye tope jeusi la vumbi kulikuwa na vipande viwili vya naftalini, vimelika hadi kubaki kama punje za mahindi. Kompresa ikipata moto inavipasha, mvuke unapanda jikoni kwangu. Wiki mbili nilikuwa nasugua ndani, chanzo kiko nyuma!

Kwa hiyo anza na kutafuta chanzo. Chomoa waya ukutani, toa droo na rafu zote, kagua kile kitundu cha maji, ile trei, na mikunjo ya raba ya mlango. Raba ifunue kwa vidole, mkunjo kwa mkunjo. Ya kwangu ilikuwa na unga mweupe mle ndani.

Baada ya hapo, upepo. Nililitoa barazani, kivulini, likiwa limesimama wima, maana jua kali la muda mrefu huharibu plastiki. Ilikuwa kipindi cha kaskazi, joto na upepo vikafanya kazi ambayo sabuni ilishindwa. Mlango niliufunga kwa kamba ukae wazi usiweze kujifunga. Tafadhali usilipuuze hili: mtoto akijificha ndani ya friji mlango ukajifunga, hewa inamwishia.

Kila jioni nilifuta ndani kwa maji ya vuguvugu yenye bikaboneti ya sodiamu, ile soda nyeupe ya kuokea keki, vijiko viwili vya chakula kwa lita 1. Usije ukachukua kostiki badala yake, hiyo inaunguza ngozi. Raba niliipangusa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, mbali na jiko, kwa kuwa naftalini huyeyuka zaidi kwenye spiriti kuliko kwenye maji. Jaribu kwanza sehemu ndogo isiyoonekana. Na ukitumia siki, jiki isikaribie kabisa, zikikutana zinatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Mkaa wa kupikia nilioponda na kutandaza kwenye gazeti ulisaidia kiasi. Ule uliotengenezwa maalumu kwa kuchujia maji una nguvu zaidi ukiupata. Kahawa na ndimu achana navyo, vinafunika harufu tu.

Siku ya kumi na mbili tangu nilitoe barazani, plastiki ilikuwa safi, raba bado. Fundi akaniwekea mpya. Nikalizima usiku mmoja, nikaacha kipande cha siagi ndani kwenye sahani, mlango umefungwa. Asubuhi nilikinusa mara tatu, kikanuka siagi. Nikakitupa, kisha nikaenda kununua maziwa ya mwanangu.