Jibu: DHCP iko tabaka la ngapi, na hiyo 169.254 imetoka wapi?

Habari mkuu. Umeuliza DHCP (huduma inayoigawia kompyuta anwani ya mtandao, yaani IP) inakuwaje tabaka la 7 (la juu kabisa, la programu, katika modeli ya OSI) wakati kompyuta haina hata IP, na kwa nini yako imejipa anwani inayoanza na 169.254.

Ni la 7 kweli. Inabebwa na UDP (kanuni ya kusafirisha data): seva poti 67, mteja (kompyuta yako) 68. Ujanja uko kwenye ombi la kwanza. Linatoka na anwani 0.0.0.0 kwenda 255.255.255.255, na huko tabaka la 2 (la kiungo cha mtandao wa karibu) fremu, yaani kifurushi cha data, inafikia kila kifaa cha mtandao huo. Ni kama mgeni anayepiga hodi mtaa mzima kabla hajajua nyumba.

Ila ruta haipitishi hodi hiyo ng'ambo mpaka iwekewe rilei (kipeleka maombi ya DHCP kwa seva). Kwa hiyo anza chini: kebo, taa ya swichi, kisha VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya swichi) ya tundu la kebo yako. Mimi niliwahi kuhangaika na seva mchana kutwa, kumbe tundu liko VLAN nyingine! 169.254 maana yake hakuna aliyejibu, si lazima seva imekufa.

Swichi yako siijui, lakini weka IP kwa mkono. Ukiifikia ruta, basi kaangalie kama seva imeishiwa anwani.